Walioitika Pamoja

Chang'ombe, Dar es Salaam
8 Februari 1970

Mjomba Albano,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, wewe na mama, na wale majirani wanaokuja kukutazama unavyochonga kisha wakaondoka na vipande vya mpingo vyako. Mimi sijambo. Dawa ya kuchua aliyoagiza mama nimeipata dukani kwa Bi Wahiba, mwenye nyumba wangu, na nitampa mtu wa kwanza atakayesafiri. Bi Wahiba anawasalimu. Ananicheka kila siku kwamba kwa kusoma huku nitaolewa na taa ya chemli.

Mjomba, chuo nimemaliza na cheti nimekipata. Wenzangu wanahangaika kutafuta kazi, na mimi nimeitwa mahali patatu. Ningekuwa nimeitwa mahali pamoja tu ningelala vizuri zaidi. Kwanza ni benki, mjini, ofisi yenye pangaboi, wasichana wanatembea kwa viatu vinavyolia. Pili ni kufundisha shule ya wasichana huko huko kwetu, ambako kila Jumamosi ningekuja kulala nyumbani. Najua mama anaitaka hiyo, tena nasikia ameshawatangazia watu kanisani. Tatu ni hapa Chang'ombe, kiwanda cha magodoro ya sufi. Wanataka afisa wa ustawi, mtu wa kusikiliza shida za wafanyakazi. Natakiwa kujibu kabla Aprili haijaisha, na nikishajibu nimefungwa, hakuna kubadili.

Juzi nilikwenda kiwandani kutazama. Sufi unaijua, lakini hujaiona ikiwa nyingi vile. Kuna chumba kikubwa cha wavu ambamo wanawake wanaichambua, nayo haianguki chini, inaning'inia hewani kama inasubiri kitu. Sauti haifiki mbali humo. Mtu anacheka karibu nawe ukadhani anacheka nyumba ya pili. Wote wana nyusi nyeupe. Mmoja wao, Chausiku, aliponiona nachungulia alipiga kelele:

"Afisa, usisogee! Utatoka humu ajuza, mchumba akukatae!"

"Sina mchumba," nikamwambia.

"Basi ingia, huna cha kupoteza!"

Walikuwa bado wanacheka pale msimamizi wao, Bwana Fransis, aliposimama mlangoni akaita, "Mauwa!"

Nikaitika, "Abee." Sikufikiri. Niliitika kama ninavyoitika mama anaponiita kutoka jikoni. Na papo hapo, kutoka nyuma kabisa kwenye ule weupe, mtu mwingine akaitika, "Abee."

Mjomba, sauti ile haikufanana na yangu. Ilikuwa yangu. Wanawake wakanitazama mimi, kisha wakatazama nyuma. Bwana Fransis akaniuliza, "Wewe si Eufrazia?" Nikasema ndimi. Katika mji huu hakuna mtu hata mmoja anayelijua jina langu la nyumbani. Yule mwingine hakutoka, nami sikumwona.

Nilipokuwa mdogo mliniambia kwamba jina hilo nililirithi kwa marehemu. Alikuwa nani?

Mpwa wako,
Eufrazia


Lukuledi, Masasi
1 Machi 1970

Mpwa wangu Eufrazia,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mguu wa mama yako umepona kiasi cha kumfikisha kanisani kukusifia. Mimi nimepewa kazi ya taifa. Tunahamia barabarani kuanzisha kijiji cha ujamaa, na katibu wa tawi amenitaka nichonge ngumi iliyoshika jembe, isimame penye ofisi. Jembe limetoka vizuri sana. Ngumi, watu wanasema ni kiazi kikuu. Katibu ameitazama kwa muda mrefu, akasema hata kiazi ni kilimo.

Hongera kwa cheti chako. Kazi tatu ni neema, usiilalamikie. Chukua shule. Mama yako ameshapiga chokaa chumba chako, na ananiuliza pazia liwe la rangi gani, kana kwamba mimi nina habari na mapazia. Kama shule huipendi, chukua benki. Kiwandani usirudi.

Umeuliza habari za jina. Mauwa alikuwa dada yetu mkubwa, mimi na mama yako. Alifia huko huko Dar es Salaam kabla hujazaliwa. Habari imeishia hapo. Ukisikia jina hilo likiitwa huko, nyamaza. Ukiitika kwa bahati mbaya, ondoka kabla mwenzako hajatoka. Na mama yako usimwandikie habari hii.

Mvua zimeanza kwa nguvu. Tuma jibu kuhusu pazia.

Mjomba wako,
Albano


Chang'ombe
22 Machi 1970

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mguu wa mama umepona. Pazia na liwe rangi yoyote anayoipenda yeye. Bi Wahiba hajambo, isipokuwa amenigombeza: anasema Jumatatu alinisalimia sokoni Temeke na mimi nikampita kama simjui. Jumatatu nilikuwa na homa, nimelala chumbani kwangu mchana kutwa. Nilimwambia hivyo, akasema, "Basi ni homa yako iliyokwenda sokoni."

Umeniandikia "mwenzako". Nimelisoma neno hilo mpaka nimechoka. Marehemu anawezaje kuwa mwenzangu? Na atatokaje, kama amekufa? Mjomba, wewe huandiki neno bila kulipima, kama unavyopima mpingo kabla ya kuukata. Kuna jambo ambalo hukuliandika, nami nimekwenda kulitafuta mwenyewe.

Nilimkuta Chausiku nje ya lango anakula muhogo wa kuchoma.

"Afisa, umerudi? Somo wako haji kazini tangu siku ile."

"Somo wangu nani?"

"Si Mauwa! Mnaitwa jina moja, basi ni somo wako."

"Anaumwa?"

"Wala. Amekaa tu ndani. Anasema ameshaitikiwa, aje kazini kufanya nini?" Akacheka, halafu akaacha. "Mie nilidhani ni utani wake. Yule bibi ana utani wa ajabu. Sie tukimwambia aende kwao kusini akapumzike, anasema, 'Kwetu nilishazikwa mie, niende nikawatie watu kiwewe?'"

Alinielekeza anakokaa, Temeke, nyumba ya tatu baada ya kisima, kisha kushoto. Nilipofika ndipo nilipogundua kwamba sikufuata maelekezo yake. Nilikuwa nimekata kulia, nikapita uani kwa watu kama mwenyeji, nikasimama mbele ya mlango ambao nilijua kwamba komeo lake lazima ulinyanyue kwanza ndipo lifunguke. Nilijuaje?

Sikupiga hodi. Wangeuliza "nani?", na mimi ningejibu nini? Niligeuka nikarudi nyumbani.

Aprili inakaribia. Siwezi kuchagua kazi huku sijui ni nani anayechagua. Niandikie ukweli.

Eufrazia


Lukuledi
12 Aprili 1970

Mpwa wangu,

Barua yako ya Machi imenifikia leo, na ninajibu leo leo, ingawa posta wanasema Rufiji imefurika, magari hayavuki, na hawajui mfuko wa barua utaondoka lini. Mama yako hajambo. Sikumsomea barua yako. Nilimwambia umeandika habari za pazia.

Nakuandikia, maana usiponisikia mimi utaisikia kwake.

Mauwa alikwenda Dar es Salaam na mumewe, aliyekuwa kibarua wa bandari. Baadaye akaja mtu wa Newala akasema ndui imemaliza nyumba ile yote. Maiti haikuwepo. Wazee wakafanya kama inavyofanywa: walikata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika, tukaomboleza na kunyoa nywele. Kisha ukazaliwa wewe. Ulilia, ukakataa ziwa, ukawa unaisha. Bibi yako akakushika akaanza kukutajia sikioni majina ya marehemu wetu, mmoja mmoja. Alipofika kwa Mauwa, ukanyamaza, ukanyonya. Nani tena angekuwa na shaka kwamba amekufa? Jina la mtu aliye hai halimtulizi mtoto. Ndivyo tulivyofundishwa wote.

Ulikuwa umeanza kutembea alipopita mfanyabiashara mmoja akatuambia amemwona Mauwa Temeke, mzima, ila uso una makovu. Bibi yako alikuwa amekupakata. Akamjibu, "Mauwa huyu hapa." Akakataza jambo hilo lisitajwe tena. Mama yako alilia kwa siri, lakini alikuwa na mtoto aliyekuwa ananyonya. Tukanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea.

Sasa nisikilize. Jina hilo ni moja. Bibi yako, siku zake za mwisho, aliniambia, "Wale wawili wasikutane. Jina likimrudia mwenyewe, huyu mwingine tutamsahau." Hakusema atakufa. Alisema tutamsahau. Nilidhani ni uzee unaosema. Sasa sina hakika.

Chukua benki. Hama Chang'ombe, hamia Kinondoni, kaa mbali na Temeke. Usimlete kwetu, wala usimpe ruhusa ya kuja. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, na ninayaandika haya.

Albano


Chang'ombe
26 Aprili 1970

Mjomba,

Shikamoo. Mko salama na mafuriko? Redio inasema njia ya kusini imekatika. Najipa moyo kwamba uliniandikia na barua imekwama njiani, kwa sababu kufikiri kwamba hukuniandikia ni kugumu zaidi. Barua hii ninampa mwanamke anayepanda meli ya Mtwara kesho, ili ifike kabla ya yule ninayetaka kuwaambia habari zake.

Nimeonana na mama mkubwa Mauwa. Safari hii nilinyanyua komeo bila kupiga hodi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha, akasema bila kuinua kichwa, "Ingia, Mauwa. Au nikuite nani?"

"Eufrazia," nikasema.

"Hilo la padri. Kaa, huku pana kivuli. Umekonda, mama yako hakulishi?"

Uso wake una mashimo ya ndui, na ndani ya uso huo nilimwona mama akicheka, na wewe kidogo, hasa hapa kwenye nyusi. Nilishika mikono yake, Mjomba. Ina joto. Ni mtu.

Aliniambia aliwahi kurudi. Aliuguzwa akapona, akafiwa na mume, akakusanya nauli muda mrefu, akaja hadi Lukuledi. Ilikuwa mchana, watu wako mashambani. Alipofika kwenye mihogo yetu alimsikia bibi akiita, "Mauwa!" Alidhani mama yake amemwona. Kabla hajafungua mdomo, mtoto akaitika "abee" akapita mbio mbele yake kuelekea nyumbani.

"Nikajua nafasi imeshajazwa," akaniambia. Mjomba, alisema hivyo huku anacheka, kama mtu aliyechelewa usaili wa kazi. "Ningetokea, wangekuita wewe nini? Ulikuwa na kaptura ya mjomba wako, kamba kiunoni. Nikageuka."

Tangu siku hiyo, kila alipoitwa alisita kidogo kabla ya kuitika, asije akamwingilia mtu. Na siku ile kiwandani, siku ambayo hakusita, tukaitika pamoja.

Nilimuuliza anataka nini. Alichambua mchicha wake hadi jani la mwisho. Kisha akasema, "Nataka kuitwa na ndugu yangu nikiwa namwona."

Basi nimechagua. Shule ya kwetu nimeikataa. Mwambie mama polepole. Nikirudi mimi, yeye hawezi kurudi, kwa sababu mlango wa Mauwa nyumbani kwetu ni mmoja na mimi nimekaa mlangoni tangu nizaliwe. Benki nayo nimeikataa. Ningekuwa salama huko, na nisingeweza kujitazama kwenye kioo. Nimekubali kiwanda. Wale wanawake ndio waliokuwa ndugu zake wakati sisi hatukuwa, na kuna mtu anapaswa kuwasikiliza.

Yeye anapanda meli inayofuata. Akitokea kwenye mihogo, mwiteni kwa sauti, na asiitike mtu mwingine.

Mpwa wako,
Eufrazia


Chang'ombe
24 Mei 1970

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili imefika jana, bahasha imevimba kwa maji. Nimeisoma nikiwa nimesimama dukani, na sikuweza kukaa.

Mama mkubwa alishaondoka. Nilimsindikiza mwenyewe hadi bandarini. Alikuwa amevaa kanga mpya na amenyamaza kama bibi harusi. Hamjaniambia kama amefika.

Kazi si mbaya. Nina meza na kiti, na wanawake wanakuja mmoja mmoja na mambo yao. Lakini kuna vitu vidogo. Wiki iliyopita mtu aliita "Mauwa" barabarani, nami nikaendelea kutembea, na nilikuwa nimefika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba hilo ni jina langu. Chausiku ananiita Afisa. Jana nilimwambia aniite kwa jina. Akafungua mdomo, akangoja, akasema, "Nalijua, Afisa, liko hapa ulimini." Nikamtajia, Eufrazia. Leo kaniita Afisa.

Na Bi Wahiba, aliyenicheka lafudhi yangu ya kusini miaka yote hii, asubuhi hii amenimiminia chai akauliza, "Kwenu wapi vile, mwanangu?" Nikacheka nikidhani ni utani wake. Yeye hakucheka. Alikuwa anangoja jibu.

Mjomba, sijutii. Nataka ulijue hilo kabla ya jambo lolote. Nilimwona akipanda ngazi ya meli, na ningefanya vile tena. Ila niandikie upesi. Mwambie mama aseme neno lolote, hata la kunigombeza kwa sababu ya shule, wewe uliandike kama alivyolisema. Nimejaribu kuikumbuka sauti yake akiniita, na ninachokisikia ni jina lile, na jina lile haliji tena kwangu.

Mpwa wako, mtoto wa dada yako Anastasia,
Eufrazia


Kijiji cha Ujamaa, Lukuledi
28 Juni 1970

Kwa Ndugu Eufrazia Leonardi,
Afisa Ustawi, Dar es Salaam

Ndugu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Barua yako tumeipokea, na ilitubidi kuisoma mbele ya wazee, maana hatukuweza kujua imetoka kwa nani. Dada yangu Mauwa ndiye aliyetueleza kwamba wewe ni yule mfanyakazi mwema aliyemsaidia kupata meli. Basi kijiji kizima kinakushukuru.

Amefika salama. Nilikuwa napalilia mihogo, nikainua kichwa nikamwona amesimama, nikamwita. Alisita kidogo, kisha akaitika kwa sauti iliyosikika mpaka ofisi ya tawi. Dada yangu mwingine, Anastasia, alitoka jikoni na mwiko mkononi, na mwiko huo hatujauona mpaka leo. Watu walilia, wakacheka, na wakala sana. Aliyetuambia zamani kwamba Mauwa amekufa kwa ndui, wengine sasa wanasema alikuwa mwanamke, wengine mwanamume wa Newala, na hatuna hakika na lolote. Ilimradi amerudi.

Tumempa chumba cha pembeni. Kilikuwa kimepigwa chokaa na kina pazia la maua, ingawa hakuna anayekumbuka tulikuwa tunamwandalia mgeni gani. Ndani mlikuwa na vitabu vya shule. Tumevipeleka darasani, maana humu ndani hakuna mwanafunzi.

Umemwandikia Anastasia kama mama yako. Nilimsomea. Aliniambia nirudie kusoma, nikarudia. Yeye hakujaliwa mtoto. Lakini amenituma nikuambie hivi, na nayaandika kama alivyosema: popote alipo mama yako, amekulea vizuri, na asingekosa kujivunia.

Mimi pia unaniita Mjomba. Nimelipokea kama heshima ya vijana wa mjini, na sikuchukia. Naona hata nimelizoea upesi.

Shule ya wasichana bado haijapata mwalimu. Ukichoka na kiwanda, njoo uitazame. Sisi ni watu wa kukaribisha.

Jambo moja kuhusu hiyo sufi. Ukiingia chumba cha wavu jifunge kitambaa puani, usione haya. Wewe vumbi halikufai tangu ulipokuwa mdogo. Ile siku ya kupepeta ulezi ulikohoa mpaka ukalegea, nikakubeba mgongoni hadi zahanati ya misheni, na njia nzima ulikuwa unaniambia sikioni, Mjomba usikimbie, utaanguka, tutaumia wote wawili.

Samahani, Ndugu. Sijui hapo juu nilikuwa namwandikia nani. Karatasi hii ni ya mwisho, sina nyingine ya kuanza upya.

Albano